Ukuta Unaokaa Vizuri Kwenye Picha

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Ukuta wa chumba cha nyuma umeota ukungu tena. Doa la chini ya dirisha wiki jana lilikuwa kama sahani, leo kama sinia. Jeusi pembeni, kijani katikati. Harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye ndoo. Nimetoa viatu vyangu vya harusi kabatini. Vimeota manyoya.

Chiriku amekohoa sana. Ni binti yetu, na jina hilo tulimpa kwa sababu tangu aanze kusema alikuwa hanyamazi. Siku hizi ananyamaza. Anaanza sentensi, anasimama katikati kutafuta pumzi, halafu anaona haina maana kuimalizia. Daktari wa zahanati alimwambia mke wangu kwamba dawa atampa, lakini mtoto asilale chumba kile. Tukamhamishia chumba cha mbele, tunakopika na kulala sisi wawili. Ukungu nao ukahama. Umeshavuka mlango.

Mke wangu kampigia mwenye nyumba. Akajibu anavyojibu siku zote: fungueni madirisha. Bomba la nje linalotoa maji ya paani limepasuka na linamwaga kwenye ukuta wetu. Fungueni madirisha. Lipu inaanguka kwa vipande. Fungueni madirisha. Namwita Bwana Madirisha. Dirisha lenyewe la nyuma halifunguki, mbao imevimba kwa unyevu.

Mke wangu akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamwambia methali hiyo ilitungwa na mtu aliyekaa nyumba yake mwenyewe. Hakucheka. Alikuwa anamsugua Chiriku mgongo.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekutana na msusi kwenye ngazi. Anakaa juu yetu. Dari yake ilikuwa inavuja mpaka akawa anasuka wateja chini ya mwavuli. Leo mafundi wako kwake, wanagonga na kuimba.

Alinieleza bila mimi kumuuliza. Alikwenda ofisi ya nyumba akatoa taarifa kwa maandishi, akapeleka picha za dari, akasubiri. Mkaguzi akaja, akaangalia, akampa mwenye nyumba amri ya kutengeneza. Basi. Anayepangisha nyumba lazima nyumba hiyo ikalike, alisema, na mpangaji hafukuzwi kwa sababu amelalamika. Kazi ya mpangaji ni kusema ukweli, kuacha mambo yalivyo, na kufungua mlango mkaguzi akibisha hodi.

Sikumwamini. Haki gani hiyo isiyotaka ujanja hata kidogo? Lazima kuna kitu amenificha. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na huyu anashinda ameshika za watu wote.

Halafu ana kinyongo na mimi. Mwaka jana nilipiga picha za harusi ya mdogo wake. Mimi ni mpiga picha, nina studio kando ya duka la dawa, na watu wanakuja kwangu kwa sababu nasafisha. Chunusi natoa. Makovu natoa. Bibi harusi nilimtoa alama ya kuzaliwa shavuni, nikampunguza pua kidogo. Mama mkwe wake alipoletewa picha akauliza huyu ni nani. Tangu siku hiyo msusi ananiita Profesa wa Poda.

Mke wangu amefurahi kusikia habari za ofisi ya nyumba. Ameniomba jambo moja tu, nipige picha ya ukuta. Kama ulivyo, akasisitiza.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimepiga ukuta. Nilileta taa mbili za studio na kile kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga. Sijui kupiga picha mbaya, hilo ndilo tatizo langu. Doa limetoka zuri. Linapendeza kabisa. Ungeweza kulitundika sebuleni.

Nikafikiri labda picha inahitaji mtu. Nikamsimamisha Chiriku mbele ya ukuta, nikamwambia awe na huzuni. Hakuhitaji kuambiwa. Lakini nilipofika studio na kuifungua kwenye kompyuta, mkono ukaenda wenyewe kwa mazoea. Nikamwondolea weusi wa chini ya macho. Nikamjaza mashavu. Nikampa midomo rangi na kicheko. Nilipozinduka alikuwa mtoto mwenye afya kuliko watoto wote wa mtaa huu. Nilimwangalia sana. Picha hiyo siwezi kuipeleka popote, lakini nimeichapa kubwa, nimeiweka kwenye fremu.

Mke wangu alikuwa amepiga zake kwa simu. Za kijivu, zimepinda, na katika moja kidole chake kimeingia. Akanipa maagizo: nizichape hizo hizo, Jumamosi nizipeleke ofisi ya nyumba njiani nikienda kazini. Mwanamke anayepiga pasi kwa dobi kutwa nzima ananifundisha mimi picha!

Jumamosi, 12 Aprili

Nimepeleka. Siyo zile zake.

Nilizichapa, Mungu ni shahidi. Nikaziangalia. Nani atainuka kitini kwa picha zile? Mkaguzi ana nyumba ngapi mezani kwake? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na doa letu halikuwa na miguu. Basi nikalisaidia. Kwenye kompyuta nikalipandisha mpaka darini. Nikaongeza michirizi ya maji. Pembeni ya mlango nikaotesha uyoga, mmoja ameinama kushoto kama mzee anayesikiliza. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuondoa vitu usoni. Kuviongeza ni kitamu zaidi.

Picha za mke wangu nimeziweka kwenye droo ya studio, chini ya betri. Hakuna sababu ya kumsumbua kwa habari hizi. Ameniuliza kama nimepeleka, nimemwambia nimepeleka.

Jumanne, 15 Aprili

Ushindi! Ofisi ya nyumba imempigia mke wangu. Wameona picha, wameshtuka. Wanasema pale hapakaliki, kesi inawekwa mbele. Mkaguzi anakuja keshokutwa, na mwenye nyumba ameitwa awepo. Msusi alisubiri mpaka akachoka, mimi wiki moja haijatimia. Nilimweleza kwenye ngazi, kwa unyenyekevu wa kutosha. Akaniuliza picha zilikuwa zipi.

Mke wangu leo ameimba akipika. Alikuwa hajaimba tangu mvua zianze. Alimwambia Chiriku kwamba anakuja mtu wa kuuponya ukuta, na Chiriku akauliza kama ukuta nao utapewa dawa ya kuvuta kama yake. Wakacheka wote wawili. Mimi pia nilicheka, mpaka nilipoinua macho nikauona ukuta.

Doa liko chini ya dirisha. Sinia. Halijafika darini. Hakuna michirizi. Hakuna uyoga hata mmoja.

Nimeshindwa kumaliza chakula.

Jumatano, 16 Aprili

Sikwenda kazini. Mke wangu kaenda kwa dobi, Chiriku kaenda shule. Nimebaki mimi na ukuta.

Kupeleka habari ofisini kwamba picha ile imetiwa chumvi ni aibu. Njia iliyobaki ni moja, ukuta ufanane na picha. Nikaleta rangi zangu za studio, zile nilizochorea pazia la maporomoko ya maji ambalo maharusi wanasimama mbele yake. Ikatokea shida. Rangi haishiki juu ya ukungu, inateleza. Basi ikabidi kwanza nisugue ukungu wote kwa dawa ya kufulia, nikaushe kwa taa za studio, ndipo nichore ukungu.

Kazi imetoka safi. Nyeusi nimeichanganya na kijani kidogo, na chini nimeweka kahawia ya majani ya chai. Michirizi nimeipa kivuli upande wa kulia, kwa kuwa mwanga wa dirisha unatoka kushoto. Uyoga nimeuchonga kwa sponji ya godoro na kuubandika kwa gundi. Yule wa kuinama amekataa kuinama mpaka nikamfunga kwa uzi.

Mke wangu alirudi jioni, akasimama mlangoni na pochi begani. Akasema kumbe umezidi hivi kwa siku moja tu. Akamshika Chiriku kichwa, akamvuta karibu yake. Nilitaka kumwambia. Kweli nilitaka. Nikamwambia mvua za mwaka huu si za kawaida.

Alhamisi, 17 Aprili

Ni afadhali niandike haraka.

Mkaguzi ni mama wa makamo, viatu vyake vimetembea sana. Bwana Madirisha alikuja na koti lake zuri, akakataa kuketi. Mkaguzi akaishika picha mkononi, akaangalia ukuta, akaangalia picha. Akasema katika kazi yake hajawahi kuona unyevu wenye kivuli. Akatoa karatasi ya chooni, akapangusa. Karatasi ikatoka ya kijani. Akang'oa uyoga mmoja, akaubonyeza. Ukabonyea, ukarudi. Akaona uzi.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alitoa kidude chake cha kupimia unyevu, chenye meno mawili, akakichoma ukutani, akasoma. Akasema jambo la kusikitisha ni kwamba ukuta huu umelowa kweli. Umelowa vibaya. Ulikuwa unatosha. Lakini leo hawezi kumpa mwenye nyumba amri yoyote, kwa sababu ushahidi umeshikwashikwa, na yeyote atauliza kama maji nayo niliyamwaga mimi. Hapo Bwana Madirisha alikuwa ameshaanza kupiga picha kwa simu, na picha zake zilikuwa zinatoka vizuri tu. Akasema mpangaji hafukuzwi kwa kulalamika, sawa, lakini anayeharibu ukuta wa watu je? Mkaguzi akamjibu kwamba hilo litaangaliwa siku ya pili.

Ndiyo, iko siku ya pili. Jumatatu ya tarehe 28. Nioshe rangi yote, halafu niuache ukuta. Nisiuguse kabisa. Ukiwa na shida utajieleza wenyewe, alisema. Akikuta mkono wa mtu tena, faili linafungwa na mwenye nyumba atafanya anavyotaka.

Mke wangu alikuwepo tangu mwanzo. Aliiomba ile picha, akaitazama, akamrudishia mkaguzi kwa mikono miwili. Kisha akaniuliza, kwa upole tu, zake ziko wapi.

Nikamwambia ziko kwenye droo.

Ijumaa, 18 Aprili

Wamekwenda kwa shemeji, dada yake mkubwa. Nyumba yake ndogo lakini kavu.

Hakufoka. Alikunja nguo za Chiriku anavyokunja shuka za wateja, kingo kwa kingo, na kila moja aliinusa kabla ya kuitia kwenye begi. Nyingine alizirudisha. Alisema yeye hanikimbii mimi, anaukimbia ukuta. Siku ukipona atarudi. Nilimwambia nina wazo. Akasema, baba, nakuomba, usiwe na wazo.

Chiriku aliniaga kwa mkono. Alitaka kusema kitu kirefu, nikaona, akakosa pumzi, akasema kwaheri.

Jumapili, 20 Aprili

Nimeosha ukuta. Rangi imetoka ikapaka sakafu, sakafu ikanipaka mimi. Chini yake hamna kitu, doa hafifu tu, kwa kuwa ukungu nilikwisha uua kwa dawa. Mkaguzi angekuja leo angesema tunaishi hotelini.

Msusi alishuka na bakuli la chakula. Alilifunika na sahani, akaniwekea mezani, akauangalia ukuta. Akasema njia ya mwongo fupi. Kisha akasema nisijali, ukungu si mteja wa kupoteza, utarudi wenyewe. Dari yake imekwisha, imepakwa chokaa nyeupe. Alinikaribisha nikaione. Nimekataa. Nyumba nzima nzuri iko juu ya kichwa changu, na mimi nasikia nyayo zake zikitembea pakavu.

Nimekula chakula chake chote. Kilikuwa na chumvi kidogo.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua haijakatika tangu juzi. Bomba la nje limepasuka kabisa. Maji hayapiti tena ndani yake, yanapita ndani ya nyumba yetu. Nimempigia Bwana Madirisha. Amesema nifungue.

Doa limerudi, tena kwa hasira. Asubuhi lilikuwa kiunoni, mchana limefika kifuani. Kipande cha lipu kimeanguka juu ya kitanda cha Chiriku kilichobaki chumba cha nyuma, pale pale kichwa chake kilipokuwa kinakaa. Nilikaa nikakiangalia. Kilikuwa kikubwa. Nikakiokota, nikatupa nje, nikapangusa mto.

Nauacha ukuta. Siugusi. Mkaguzi atajionea.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekwenda kwa shemeji. Chiriku alinipokea barabarani, akaanza kusema akiwa mbali. Alisema tukiingia, alisema tukila, akamwagia shemeji mchuzi kwa sababu ya kusema na mikono. Habari za paka, za mwalimu, za mtoto mmoja aliyemeza kifungo. Sentensi ndefu, mpaka mwisho. Sikusikia kikohozi hata kimoja. Shemeji akamwambia anyamaze ale. Nilitaka kumwambia shemeji amwache aseme.

Halafu akaniuliza kama ukuta umepona. Nikasema bado kidogo.

Mke wangu alinisindikiza mpaka njia panda. Aliniuliza kama nimeugusa. Nikamwambia sijaugusa, na ilikuwa kweli, nikaona anaamini, na nikajisikia mtu mkubwa. Akasema Jumatatu atakuja asubuhi na Chiriku, tusimame pamoja mbele ya mkaguzi. Amri ikitoka, fundi akiingia, begi halitarudi tena kwa dada yake. Akanitengeneza kola ya shati. Nimerudi natembea kwenye madimbwi bila kuyaona.

Nilipofungua mlango wa chumba cha nyuma, ukungu ulikuwa umefika darini.

Jumapili, 27 Aprili

Sijui nimemkosea nani.

Nimeuangalia mchana, kwa mwanga mzuri. Mweusi na kijani, na kahawia chini. Michirizi kuanzia darini, na kivuli chake kiko kulia. Pembeni ya mlango umeota uyoga wa kweli, sikuuchonga, sikuubandika. Mmoja ameinama kushoto. Nimetafuta uzi. Hakuna uzi.

Ni ile picha yangu. Ni ile ile, nukta kwa nukta.

Nani ataamini? Mkaguzi ataingia kesho, ataona kazi aliyokwisha kuikataa, hatatoa hata karatasi yake. Atageuka mlangoni. Faili limefungwa, Bwana Madirisha anatutoa, na Chiriku atabaki kulala sebuleni kwa watu. Nilimpigia msusi hodi nimuulize. Alishuka, akatazama, akashika mdomo. Akasema niache hivyo hivyo, kidude kitasema. Akarudia: hivyo hivyo. Lakini yeye anaelewa nini? Yeye dari yake ilikuwa na shida ya kawaida, shida inayoaminika. Yangu imezidi. Shida ikizidi kiasi inaonekana ya uongo, na hapo ndipo inapotakiwa fani.

Mkaguzi alisema asikute mkono wa mtu. Hataukuta. Mkono wangu ukichora unaonekana, hilo nakiri. Mkono wangu ukisafisha haujawahi kuonekana na mtu yeyote, isipokuwa mama mkwe mmoja.

Basi nimesafisha. Uyoga nimeung'oa. Ukungu nimesugua, taa za studio nimewasha zote mpaka ukuta ukatoa mvuke, kisha nikapaka rangi nyeupe, mara mbili, kuanzia darini kushuka. Nimebakiza doa moja chini ya dirisha, la kiasi, kama sahani. Doa lenye adabu. Ni jinsi lilivyokuwa mwanzo kabisa, kwa hiyo hata uongo si uongo. Pembeni kidogo ya mlango maji yanaendelea kuchungulia kupitia rangi. Hapo nimetundika ile picha ya Chiriku, ya mashavu. Imeziba vizuri.

Mke wangu amepiga simu. Ameuliza kama yote yako tayari. Nimemwambia yako tayari. Chiriku akamnyang'anya simu, akaanza habari ya paka, akaisema yote, nikaisikiliza yote. Mwishoni akauliza ukuta. Nikamwambia, mwanangu, ukuta umepona, utauona kesho.

Nimesimama mlangoni nautazama. Mweupe, na mtoto pembeni anacheka, mzima kabisa. Mimi mwenyewe nisingejua.

Nimekohoa kidogo. Ni rangi tu. Nimejaribu kufungua madirisha.